Nilishinda mjadala, mbona alama za kusikiliza ni ndogo?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, na muhula huu nasoma kozi ya mijadala na mawasiliano. Wiki iliyopita tulijadili kama mahudhurio darasani yawe ya lazima. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Aliyekuwa akinipinga alisema wapo wanafunzi wanaofanya kazi usiku, kwa hiyo kuwalazimisha kuhudhuria ni kuwaonea. Nikamjibu kwamba chuo si mahali pa kulea uvivu, nikatoa na mifano. Darasa lilipiga makofi, na yeye akafika mahali akakosa la kusema. Lakini mhadhiri amenipa alama 4 kati ya 10 kwenye kusikiliza, na ameandika: "Umejibu hoja ambayo mwenzako hakuitoa." Sikumkatiza hata mara moja, wala sikumtolea maneno mabaya. Nilinyamaza mpaka akamaliza. Sasa kusikiliza ni nini zaidi ya hapo? Na je, nikijitahidi sana kumwelewa mpinzani, sitajikuta nimekubaliana naye?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuyaandika maneno yenu kama yalivyosemwa, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo humo.

Mwenzako alisema wapo wanaofanya kazi usiku. Wewe ukasema chuo si mahali pa kulea uvivu. Yaweke maneno hayo pamoja uyasome tena polepole. Huo uvivu umetoka wapi? Yeye alikuwa anamzungumzia mtu anayetoka kazini alfajiri na saa chache baadaye anatakiwa awe ameketi darasani. Mtu huyo ana kazi mbili. Sidhani kama wewe mwenyewe, ukiulizwa kwa utulivu, ungemwita mvivu. Nadhani ulisikia "mahudhurio yasiwe ya lazima", ukawakumbuka watu uliowahi kuwasikia wakilisema hilo kwa sababu hawapendi kuamka, ukawajibu wao. Na wao siku hiyo hawakuwa kwenye mjadala.

Kunyamaza kwako sikubezi. Wengi wanaoanza kozi kama yako hawajafika hata hapo. Ila mdomo unaweza kufungwa huku kichwani mtu anapanga hotuba yake. Ralph Nichols wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyetumia miaka mingi kuchunguza usikilizaji wa wanafunzi nchini Marekani, alieleza mwaka 1957 kwamba Mmarekani wa kawaida huzungumza kama maneno 125 kwa dakika, ilhali akili ya anayemsikiliza inakimbia kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo kila dakika unayomsikiliza mtu unabakiwa na nafasi kichwani. Swali ni unaitumia kufanya nini. Msikilizaji mzuri huitumia kurudia alichosikia, kukipima, kujiuliza mzungumzaji anaelekea wapi. Sisi wengine huitumia kutafuta la kujibu, na tukishalipata tunaacha kusikia yanayofuata. Nichols aliona pia kwamba mtu wa kawaida, mara tu baada ya kumsikiliza mwenzake, anakumbuka takribani nusu ya aliyoyasikia, hata kama alidhani anasikiliza kwa makini.

Nina kipimo kimoja cha kusikiliza ninachokitumia darasani, na ningeambiwa niache vyote nibaki na kimoja, ningebaki na hiki. Umemsikiliza mtu pale unapoweza kuieleza hoja yake kwa maneno yako mwenyewe, naye akasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema." Hakimu ni yeye. Wewe unayesikiliza huna kura, na darasa linalopiga makofi halina kura.

Kipimo hiki sikukibuni mimi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Carl Rogers alihutubia mkutano kuhusu mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na alisema kizuizi kikubwa kinachotuzuia kuelewana ni tabia yetu ya kutoa hukumu upesi: mtu hajamaliza, sisi tumeshakubali au tumeshakataa. Akapendekeza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Siku mtakapojikuta mnabishana, simamisheni ubishi kidogo, kisha wekeni sharti kwamba hakuna atakayetoa hoja yake mpaka kwanza aeleze mawazo na hisia za aliyemtangulia, na huyo aliyemtangulia aridhike kwamba ameelezwa sawasawa. Rogers alionya kwamba sharti hilo linasikika jepesi lakini ukilijaribu utaona ni moja ya mambo magumu kabisa. Nimelitumia miaka mingi na nakubaliana naye. Wanafunzi wangu hodari wa kuzungumza ndio wanaokwama zaidi, maana hawajawahi kulazimika kungoja.

Nami nilishawahi kukwama. Miaka ya nyuma, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kazi za vikundi zifutwe. Nilikuwa nimeshawasikia wengi wakisema hivyo. Nikamwambia, "Unasema ungependa kufanya kazi peke yako kwa sababu kukutana na wenzako kunakuchosha." Akasema hapana. Nikajaribu tena: "Unasema wenzako wa kikundi hawana uwezo kama wako." Akasema hapana, na nikaona sauti yake imeanza kupungua. Hapo nikaacha kubahatisha, nikamuuliza. Ilionekana kwamba katika kila kikundi alichopangwa yeye ndiye aliyekuwa akiandika kazi yote, wengine wanaweka majina, na aliogopa kuwataja kwa sababu anaishi nao. Hoja yake haikuhusu kuchoka wala uwezo. Ilihusu haki, na hofu. Kama ningempa jibu baada ya ile mara ya kwanza, ningetoa hotuba nzuri sana juu ya umuhimu wa ushirikiano, darasa lingeitikia kwa vichwa, na yule binti angeketi akijua kwamba hata mwalimu wa kusikiliza hakumsikia.

Ndiyo maana nakuuliza: huyo mwenzako aliyekosa la kusema, una hakika alishindwa? Huenda alishindwa kweli. Lakini mtu akiona anajibiwa jambo ambalo hakulisema, mara nyingi hukata tamaa ya kulisema tena, na ukimya huo kwa nje unafanana kabisa na ukimya wa aliyeshindwa.

Sasa namna ya kurudia hoja ya mtu. Hapa wengi wanaharibu, hivyo nitakaa kidogo.

Kurudia maneno yake neno kwa neno hakusaidii. Kasuku anaweza. Kinachotakiwa ni vitu vitatu: anadai nini, kwa sababu gani, na kitu gani kinamsumbua moyoni hata akalisema hilo. Kwa mfano wako ungeweza kusema hivi: "Kama nimekuelewa, unasema sheria ya mahudhurio haimpati kila mtu sawa. Anayelipiwa ada na wazazi anaweza kuitii bila shida, lakini anayejilipia kwa kazi ya usiku anaadhibiwa kwa kuwa hana fedha, wala si kwa kuwa hajali masomo. Nimekupata?" Hiyo ni kama nusu dakika. Na angalia kilichotokea: hoja yake imetoka mdomoni mwako ikiwa na nguvu kuliko ilivyotoka mdomoni mwake. Usiogope hilo. Hoja ukiijibu ikiwa katika ubora wake, jibu lako ndipo lina thamani. Ukiijibu ikiwa imelegea, atakuja mwingine kesho aiseme vizuri na jibu lako litaanguka.

Jihadhari na urudiaji wa hila. Unaanza na "Kwa hiyo unasema kwamba...", kisha unaingiza kitu ambacho mwenzako hawezi kukikubali: "Kwa hiyo unasema watu wapewe shahada bila kusoma." Umetumia maneno ya msikilizaji kufanya kazi ya mshambuliaji. Mhadhiri mzoefu hulitambua hilo mara moja, na mwenzako hulitambua kabla yake. Usisahau pia lile swali dogo la mwisho, "Nimekupata?" Liulize ukiwa tayari kusikia "hapana". Akisema hapana, mshukuru, mwombe akurekebishe, rudia tena.

Si lazima ufanye hivi kila mara. Kwenye shindano lenye saa, sentensi moja inatosha. Jambo likiwa wazi, kulirudia ni kupoteza muda na kunaudhi. Unalihitaji pale unapohisi joto linapanda, au pale jibu lako limekuja haraka mno. Jibu likikujia kabla mwenzako hajamaliza sentensi, lishuku.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo naliona ndilo zito zaidi. Nikimwelewa sana, sitakubaliana naye?

Inawezekana. Rogers mwenyewe hakuficha. Alisema ukiingia kweli katika ulimwengu wa mtu mwingine, ukauona kama anavyouona yeye bila kuhukumu, unajiweka katika hatari ya kubadilika, na hatari hiyo inawatisha wengi wetu. Sitakudanganya kwamba hatari haipo. Nasema tu kwamba kama hoja yako inaweza kusimama pale tu usipoielewa hoja ya pili, basi hukuwa na hoja imara tangu mwanzo, na ni heri uligundue hilo darasani kuliko siku utakapokuwa unaamua jambo linalowagusa watu. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba anayeujua upande wake tu katika jambo anajua kidogo sana kuhusu jambo hilo. Aliongeza sharti gumu: haitoshi kuzisikia hoja za wapinzani kutoka kwa walimu wako, zikisimuliwa wanavyopenda wao. Uzisikie kutoka kwa watu wanaoziamini kwa dhati.

Lakini mara nyingi utakachokiona ni kwamba unaendelea kutokubaliana, na sasa unajua hasa hamkubaliani wapi. Hapo ndipo kusikiliza na kujenga hoja vinapokuwa stadi moja. Kozi nyingi huvitenganisha, alama za kusikiliza huku na alama za hoja kule, na nadhani hilo ndilo lililokuchanganya. Huwezi kupinga vizuri kitu usichokishika.

Katika kupinga huko kuna urithi ambao ni karibu sana na lugha yetu na sijui kwa nini hatuufundishi. Maneno yenyewe tunayotumia, *hoja*, *mjadala*, *adabu*, yamekuja kwetu kutoka Kiarabu. Wanazuoni wa Kiislamu waliunda elimu kamili ya adabu ya majadiliano, na katika karne ya 13 Shamsuddin al-Samarqandi aliiandikia risala, yaani kitabu kifupi, iliyofundishwa na kufafanuliwa kwa vizazi vingi. Waliiita *munadhara*, neno lenye asili ya kutazama, na waliieleza kuwa ni watu wawili kulitazama jambo kutoka pande mbili ili lililo sawa lidhihirike. Ona walivyoweka lengo. Hawakusema ili mmoja amshinde mwingine.

Katika elimu hiyo mmoja ni mwenye kudai na mwingine ni mwenye kuuliza, na muulizaji ana njia tatu halali za kupinga. Nitazionyesha kwa mjadala wenu.

Ya kwanza ni kukamata sehemu moja ya hoja na kuiombea uthibitisho. "Unasema sheria inawaumiza wanaofanya kazi usiku. Naomba utuonyeshe kwamba vipindi vyao haviwezi kupangwa jioni." Hujasema ni uongo. Umesema hapo panahitaji nguzo. Hii ndiyo njia ya upole kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayotumiwa kwa uchache kuliko zote, kwa sababu haitoi nafasi ya kujionyesha.

Ya pili ni kuonyesha kwamba hoja, ikiachwa iende inakoelekea, itathibitisha hata jambo ambalo mwenyewe hawezi kulikubali. "Aliyetoka kazini alfajiri anaweza kukosa mtihani wa asubuhi pia. Kwa sababu hiyo hiyo uliyoitoa, mitihani nayo isiwe ya lazima. Je, unakubali?" Akikataa, itabidi aonyeshe tofauti kati ya mtihani na kipindi, na tofauti hiyo akiipata tumejifunza sote.

Ya tatu ni kuiacha hoja yake isimame na kuleta nyingine inayoelekea upande wa pili. "Sijaigusa hoja yako, na ina uzito. Lakini kuna masomo ambayo asiyefika anamdhulumu mwenzake: maabara inayohitaji watu wawili, zoezi la mjadala kama hili letu. Haki ya aliyefika nayo tuiweke wapi?" Sasa kuna haki mbili mezani, ya anayefanya kazi na ya anayemngoja mwenzake maabara, na mnalazimika kuzipima. Wewe ulikuwa na hoja hii mkononi tangu mwanzo, naamini, kwa sababu ndiyo sababu ya watu wengi makini kutaka mahudhurio. Lile neno uvivu lilikufunika macho usiione.

Walikuwa pia na jina la kosa moja. Muulizaji akikurupuka kuthibitisha kinyume cha jambo ambalo mwenye kudai hajapewa hata nafasi ya kulitetea, waliliita kosa hilo *ghasbu*. Msomaji wa Kiswahili analijua neno kughasibu: kutwaa kitu cha mtu kwa nguvu. Kinachotwaliwa hapa ni zamu ya mwenzako. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilikaa nalo siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kukatiza ni kosa la sauti tu, kuzungumza mwingine anapozungumza. Kumbe unaweza kumnyang'anya mtu zamu yake baada ya yeye kunyamaza kabisa. Unamnyang'anya kwa kumjibia alichokuwa bado hajakifikia.

Ukitaka kuona adabu hii kwenye maandishi, mtazame mwanatheolojia Thomas Aquinas, naye wa karne ya 13, upande wa Kanisa. Kila swali analianza kwa kuzipanga hoja zinazompinga, tena zenye nguvu, ndipo anatoa msimamo wake, kisha anarudi kuzijibu moja baada ya nyingine. Insha yako inayofuata ijaribu kwa mpango huo uone itakavyokulazimisha kufikiri.

Kuhusu heshima. Watu wengi wanaiweka kwenye vifungua sentensi: "kwa heshima na taadhima", "samahani sana mwenzangu". Ni maneno mazuri na sikuambii uyaache. Lakini unaweza kuanza na "kwa heshima na taadhima" halafu ukamnyang'anya mtu hoja yake, na unaweza kusema kavu kavu, "Sehemu hii ya hoja yako siikubali, na sababu yangu ni hii," ukawa umemheshimu sana, kwa kuwa umejishughulisha na alichofikiri. Kuna pia upole wa kupita kiasi, ule wa kuitikia kila kitu na kusema kila mtu ana maoni yake. Sioni heshima ndani yake. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba anachofikiri hakistahili hata kupingwa. *Hoja hujibiwa kwa hoja*, wahenga walisema, na hilo linamgusa anayetukana, linamgusa na anayekwepa.

Jambo moja nalisisitiza zaidi ya maneno matamu: usizungumzie nia ya mtu. "Unasema hivyo kwa sababu hupendi kusoma." Nia huwezi kuiona wala kuithibitisha, na yeye hawezi kuikanusha. Mjadala ukishafika kwenye nia hauna tena njia ya kutoka. Hata ukiwa na hakika kwamba nia yake ni mbaya, hoja yake inaweza kuwa sahihi, na utabaki na deni la kuijibu.

Na hapa niweke mpaka, maana kipimo changu kina mahali kinapokoma. Kuna mijadala ambayo mmoja anajadili wazo na mwingine anajadili maisha yake. Hata huo wenu ulikuwa hivyo kwa kiasi fulani. Huenda darasani kwenu yupo anayefanya kazi usiku aliyekaa kimya muda wote. Mtu wa namna hiyo asitajwe kama mfano bila ridhaa yake, wala asilazimishwe kusimulia ili kuwaelimisha wengine. Na kama kinachosemwa ni kauli inayomkana mtu utu wake, simtaki mwanafunzi yeyote aikariri kwa upole eti ndio kusikiliza. Hapo mwenye wajibu ni mwalimu, na wajibu wake ni kuisimamisha.

Hasira nitaigusa kwa ufupi. Itakuja. Moyo utaenda mbio, masikio yataziba. Mtu katika hali hiyo hasikii vizuri hata akitaka, kwa hiyo usijilazimishe kujibu papo hapo. Andika neno moja la mwisho ulilolisikia. Uliza swali la kweli. Au sema, "Naomba nilifikirie hilo, nitarudi." Wenzako hawatakudharau, na mhadhiri wako, kwa jinsi nilivyosoma maandishi yake, ataliandika upande wa faida.

Namna ya kujizoeza. Siamini katika kusoma juu ya kusikiliza. Ni kama kusoma juu ya kuogelea. Tafuta mwenzako mmoja mnayetofautiana naye jambo la kweli, lisilo la kuigiza, na mkae dakika kumi tu kwa sharti la Rogers. Dakika kumi zitawachosha kuliko saa nzima ya mabishano. Darasani, gawa ukurasa wa daftari lako kwa mstari katikati, kushoto uandike alichosema mtu, kulia uandike ulichofikiri wewe. Baada ya kipindi kimoja utaona upande wa kulia umejaa na wa kushoto una maneno matatu manne. Usisikitike, kila mtu huanzia hapo. Baada ya wiki kadhaa kurasa zitabadilika, nawe utaona kwa macho yako jambo ambalo alama 4 haziwezi kukuonyesha. Mkirekodi mijadala yenu, jisikilize. Tafuta mahali ambapo jibu lako na hoja ya mwenzako havigusani, kama ulivyofanya hapa kwenye barua yako bila kujua.

Zoezi gumu kuliko yote ni hili: andika ukurasa mmoja wa kutetea upande usioukubali, kisha umpe mtu anayeuamini upande huo ausome. Usimpe rafiki yako wa upande wako, atakusifu tu. Mwenye imani hiyo akikwambia, "Umeeleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi," umefika. Akikwambia, "Umetutania," rudi kaandike tena.

Utajikuta siku moja umeshawishika katikati ya mjadala, watu wakikuangalia. Lisemee hapo hapo, na uliseme kwa kipimo chake. Hulazimiki kuhama na mizigo yote. "Kwenye suala la wanaofanya kazi usiku umenishawishi, nakubali sheria iwaangalie. Kwenye maabara bado nasimama pale pale." Sentensi kama hiyo darasani huwa inabadilisha hewa ya chumba, nimeiona mara nyingi. Waliokuwa wameegemea nyuma wanasogea mbele. Wanaona kwamba kumbe inawezekana kukubali sehemu bila kuaibika, na wao wanaanza kujaribu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mhadhiri wako usimwendee kubishania zile alama. Mwendee umuulize alikuwa akitazama nini alipokuwa anakusikiliza, na umweleze umegundua nini kuhusu lile neno uvivu. Kwanza, hata hivyo, mtafute mwenzako. Mkute akiwa peke yake, bila watazamaji, umwambie, "Nadhani siku ile sikukujibu ulichosema. Naomba nikielezee ulichosema, uniambie kama nimekosea." Kisha kieleze, umuulize kama umempata, na umwache azungumze. Ukipenda, niandikie tena unieleze alikujibu nini.